Mwalimu Hakusafiri

"Zima hiyo redio."

"Taarifa ya habari ndiyo inaanza. Si mchumba wako huyo?"

"Ndiyo maana nakwambia zima."

Mama Pacha, aliyefanya kazi na Msusi pale saluni, akanyoosha mkono dirishani na kubonyeza. Ile sauti nzito, laini kama mafuta ya nywele, ikakatika katikati ya salamu. Haikusaidia kitu. Muuza duka wa jirani alikuwa na redio, kinyozi wa ng'ambo alikuwa na redio, fundi baiskeli wa kwenye kona alikuwa na redio. Sauti ikaingia saluni kwa mlangoni, kama moshi usiojali mwenye macho mabovu.

Msusi akaendelea kusuka. Mteja wake alihisi vidole vikikaza.

"Dada, ni kichwa hicho, si kamba ya mbuzi."

"Samahani, mpenzi."

Mtaa mzima ulimwita yule mwanaume Sauti. Hata mama yake mzazi alishaacha kumwita jina lake. Alikuwa msomaji wa habari wa redio ya taifa, na alipomwamkia mtu barabarani, mtu huyo aligeuka na kushangaa kwamba redio inamfahamu. Hivyo ndivyo alivyompata Msusi. Alikuwa akisimama mlangoni pa saluni na kutangaza kwa uzito wote:

"Habari zilizotufikia hivi punde: msusi mmoja amekataa kula chakula cha mchana mpaka amalize kichwa cha watu. Wachunguzi wanasema msusi huyo ni mrembo kupita kiasi."

Wateja wakacheka, Msusi akajifanya hakusikia, na mwisho akasikia. Posa ikapelekwa. Mama yake Msusi akaipokea. Kaka yake Msusi, aliyekuwa akifundisha hesabu, akasema yeye hana pingamizi ila shemeji apunguze kutangaza mezani, watu wanakula.

Kisha siku moja kaka huyo, ambaye wote walimwita Mwalimu, akasimama kwenye mkutano wa mtaa na kuuliza swali. Aliuliza inakuwaje kura zilizohesabiwa mtaani kwao ziwe nyingi kuliko watu wa mtaa, pamoja na watoto wa kunyonya. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba yeye amesomea kujumlisha na anaomba aelekezwe alipokosea. Watu wakatazama chini. Asubuhi iliyofuata alitoka kununua mkate, amevaa kandambili, na gari jeupe lisilo na namba likasimama ubavuni pake. Mkate ulikutwa barabarani, bado una joto.

Siku chache baadaye, wakati wa taarifa ya habari ya mchana, Sauti akasoma hivi:

"Mwalimu mmoja aliyevumishwa kuwa amepotea, imethibitishwa ameondoka nchini kwa hiari yake. Akizungumza na vyombo husika, amewataka ndugu zake wasiwe na wasiwasi. Na sasa hali ya hewa."

Msusi alikuwa na kitana mkononi. Kitana kilimdondoka. Yeye mwenyewe alibaki amesimama vilevile hadi taarifa ikaisha na muziki ukaingia.

*

"Umekuja kufanya nini?"

Sauti alikuwa amesimama mlangoni pa saluni, jioni, wateja wameshaondoka. Mama Pacha akajifanya anafagia. Alikuwa akifagia mahali pamoja tu.

"Nimekuja kuongea na wewe."

"Ongea. Si ndiyo kazi yako?"

"Usinifanyie hivyo. Karatasi ililetwa nikiwa hewani. Mlango unafunguliwa, mkono unaweka karatasi mezani, unasoma. Ndiyo tulivyozoezwa. Macho yanatangulia, mdomo unafuata, akili inakuja mwisho."

"Na akili ilipofika?"

Sauti akageukia barabarani.

"Nakuuliza. Akili ilipofika, ikakuta umeshasema kaka yangu amepanda ndege, ulifanya nini?"

"Nilisoma hali ya hewa."

Mama Pacha akaacha kufagia.

"Sauti yako haikutetemeka," Msusi akasema polepole. "Nimekaa nikiikumbuka neno kwa neno. Nilikuwa natafuta mahali hata pamoja ilipotetemeka, nijiambie, hapo alikuwa ananifikiria mimi. Sikupaona."

"Unajua wanachowafanya wanaokataa."

"Najua. Wanasafirishwa."

Akavua pete, akaiweka juu ya meza, kati ya vibanio na chupa ya mafuta. Sauti hakuichukua. Aliondoka akatembea katikati ya barabara kama mtu aliyesahau kwamba kuna magari.

Mama Pacha akaitazama ile pete, akamtazama mwenzake.

"Mwenzio mume wangu naye 'amesafiri'," akasema. "Dereva wa lori, ameendesha mpaka mipakani miaka yote akirudi. Halafu asafiri bila lori?"

Kwa maana neno lilishabadilika pale mtaani. Hakuna aliyesema fulani amechukuliwa. Watu walisema amesafiri, wakishusha sauti, na wa pili naye akajibu, Mungu amfikishe salama.

*

Lakini kilichomuumiza Msusi kuliko pete ni kwamba mama yake aliamini.

"Mama, mwanao hakusafiri."

"Amesema Sauti. Sauti ni mkwe wangu, anidanganye kwa faida gani?"

"Alipewa karatasi."

"Na aliyeandika karatasi alimwona. Imesemwa amezungumza nao." Mama akaipangusa simu kwa upindo wa khanga. "Huko nje saa zao si zetu. Labda anapiga tukiwa tumelala."

Akawa analala na simu kifuani. Aliacha kuwasha feni, asije akakosa mlio. Kila mchana aliketi karibu na redio, ameinamisha kichwa, akimsikiliza Sauti hadi neno la mwisho, kama mtu anayesubiri salamu zake zisomwe. Msusi alipopitia nyumbani mchana aliisikia ile sauti ndani ya nyumba yao, na kuna nyakati aliona ni kama sauti hiyo ndiyo imemkalia kaka yake kitini.

Mpaka siku Mama alipoamua kusafisha chumba cha mwanawe, ili akute pasafi akirudi likizo. Akainama chini ya kitanda. Akakawia huko chini.

"Mama? Mgongo umekushika?"

Mama akatoka na viatu vyeusi. Viatu vya kutokea, Mwalimu alikuwa na hivyo tu. Alivipiga rangi kila jioni, na wanafunzi wake walimtania kwamba wanajiona ndani yake.

"Mwanangu," Mama akasema, "kaka yako amekwenda nchi ya watu na kandambili?"

Msusi akamsogelea.

"Nijibu. Wewe ulijua?"

"Nilikwambia, mama."

"Uliniambia. Lakini mimi nilikuwa naambiwa na redio."

Akaenda jikoni, akarudi na kitambaa, akavipangusa. Kisha akafungua mlango wa barazani, akaviweka juu ya mkeka wa mlangoni, vimeelekeza ncha ndani. Nyumba zote za mtaa ule, anayeingia huvua viatu nje. Viatu vikiwa mlangoni, mwenyewe yumo.

Jirani akapita, akasimama ghafla, kapu likamponyoka.

"Mwalimu amerudi?"

"Hajaondoka," Mama akasema.

"Yuko ndani?"

"Si ndani humu. Lakini hajaondoka. Hakusafiri mtu hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kulisema mchana, barazani, kwa sauti ya kuitia mtoto. Jirani akaokota kapu lake bila kuokota vitunguu vilivyomwagika, akaondoka mbio. Kabla jua halijatua Mama Pacha alikuwa ametoa mabuti ya mumewe. Kesho yake zikaonekana raba za fundi rangi aliyepotea, ndala kwa mama muuza samaki, kiatu cha mpira cha kijana aliyekuwa golikipa. Watu wakapita wakihesabu kwa macho, na kila mmoja akashtuka kwa jambo lilelile: kumbe ni wengi hivi. Kila nyumba ilikuwa imedhani msiba ni wake peke yake.

*

Mwenyekiti wa mtaa akaja na mgambo mwenye gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Vua viatu."

"Siingii. Nimekuja kwa hivi viatu. Vinatakiwa viondolewe."

"Vimefanya nini?"

"Mama, unajua."

"Mimi mtu mzima, kichwa kinasahau. Niambie wewe."

Watu wakaanza kusogea. Msusi akatoka saluni akiwa na taulo begani, akasimama nyuma ya mama yake. Mwenyekiti akakohoa.

"Vinaleta picha mbaya."

"Picha gani? Vichafu? Nimevipiga rangi leo."

"Vina... vina maana, mama."

"Basi itaje hiyo maana. Hapa, mbele ya watu. Sema, mama fulani ondoa viatu vya mwanao kwa sababu mwanao kafanywa nini. Ukishasema, navichukua mwenyewe, nakutilia guniani."

Mwenyekiti akafungua mdomo. Akaangalia viatu, akaangalia watu. Akaufumba mdomo. Kuna mambo mtu anaweza kuyatenda lakini hawezi kuyataja, na pale barazani Msusi aliliona hilo waziwazi, kama mtu anayeona uzi uliotokeza kwenye nguo: ukiuvuta, yote inafumuka.

Mgambo akapewa ishara, akavitia guniani bila kumtazama mtu. Mama akaingia ndani, akatoka na makubazi ya zamani ya Mwalimu, akayaweka palepale.

"Hayo utayafuata kesho," akamwambia mgambo. "Usijichoshe, nina na soksi."

Mtu akacheka nyuma huko. Kicheko kikaenea, cha woga kwanza, halafu cha kweli. Hata mgambo alijikuna pua kuficha meno. Jioni ile waliokuwa hawajapotelewa na mtu nao wakatoa viatu vyao wenyewe mlangoni, wakakaa ndani peku. Na wa mwisho kutoa, kwa aibu, huku akitazama huku na huku, alikuwa mke wa mwenyekiti. Mpwa wake naye alikuwa "amesafiri".

*

Simu ya Msusi ikaita wakati anakunja mataulo. Aliiangalia ikiita, ikakata. Ujumbe ukaingia.

*Najua hutaki kunisikia. Kesho nasoma habari ya viatu. Safari hii wameniletea mapema, ili niizoee.*

Akaandika: *Inasema nini?*

*Kwamba waliosafiri wamepiga simu wenyewe, wameomba viatu viondolewe, wanaona aibu. Na kwamba Mwalimu ameongea na mama yake.*

Msusi akaketi. Akampigia yeye.

"Wamesema ameongea na mama?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mama atasikia kwamba aliongea naye."

"Ndiyo."

Ilikuwa muda mrefu tangu waongee bila kurushiana maneno.

"Sitaisoma," Sauti akasema.

Msusi alikuwa amelisubiri neno hilo. Alikuwa amelisubiri akiwa macho na akiwa usingizini. Sasa limekuja, na kitu pekee alichokiona mbele yake ni mkate juu ya vumbi.

"Soma," akasema.

"Unasemaje?"

"Soma tu. Soma, toka, rudi nyumbani kwenu."

"Hutanisamehe."

"Sitakusamehe. Nitakuchukia ukiwa hai, inanitosha."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Nisikilize. Nimeshatoa mmoja. Mama yangu anapangusa viatu kila asubuhi. Unataka na mimi nianze? Kiatu chako chenyewe ni kikubwa, baraza haitatosha."

Alitaka iwe mzaha. Kikamtoka kilio. Sauti akamwacha alie, hakumwambia nyamaza.

"Mimi nimeshasafirishwa," akasema mwishowe, taratibu. "Tangu siku ile. Nikipita kwenu watu wananijibu salamu, lakini ni kama wanajibu redio. Hata nikioga peke yangu nikiimba, nasikia yule jamaa wa taarifa ya habari. Nataka nirudi."

"Rudi kwa njia nyingine."

"Ipi?"

Msusi akatafuta. Simu ikabaki sikioni muda mrefu baada ya kukatika.

*

Mchana wa siku iliyofuata redio zote ziliwekwa barazani, kando ya viatu. Saluni, Msusi alikuwa na mteja bibi harusi mtarajiwa, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama mwavuli.

"Niizime?" Mama Pacha akauliza.

"Iache."

Sauti akasoma habari ya barabara mpya. Akasoma habari ya mahindi. Kisha ikasikika karatasi ikigeuzwa, na baada ya hapo, kimya.

Redio ya taifa haikuwahi kunyamaza. Watu walikuwa wamezaliwa na kuzeeka nayo bila kuwahi kuisikia ikinyamaza. Kinyozi akashusha mashine yake. Fundi baiskeli akaacha gurudumu lizunguke lenyewe hadi likasimama.

"Habari inayofuata," Sauti akasema, "nimepewa niisome. Si ya kweli. Hakuna aliyepiga simu. Na ile habari ya mwalimu aliyesafiri, niliisoma mimi, nayo haikuwa ya kweli. Mwalimu hakusafiri. Alichukuliwa. Dereva alichukuliwa. Fundi rangi alichukuliwa. Golikipa..."

Muziki ukaingia ghafla, ngoma na tarumbeta.

Msusi alikuwa ameshafika barabarani.

"Dada, na nywele zangu?" bibi harusi akaita.

"Utanisamehe."

"Nitakusamehe njiani. Twende hivihivi."

Wakaelekea kituo cha redio. Mama Pacha akafuata na mashuka ya saluni mabegani, hakuna aliyejua ya nini. Kinyozi akamwacha mteja na ndevu upande mmoja. Walipopita barabara kuu walikuwa wengi, na hakuna aliyekuwa ameita mwenzake. Hawakuimba wala hawakubeba bango. Wengi walikuwa peku, viatu vyao viko mlangoni.

Gari jeupe lisilo na namba lilikuwa limeshafika getini pa kituo cha redio, injini inanguruma. Msusi aliliona. Alitaka kulipiga mawe. Alitaka kukimbia. Akafanya la tatu: akakaa chini, mbele ya gari lenyewe, akakunja miguu kama anayesubiri zamu ya kusukwa. Mama Pacha akatandika shuka, akakaa kando yake. Wengine wakakaa. Barabara ikajaa watu waliokaa.

Ofisa mmoja akatoka getini.

"Mnataka nini nyie?"

"Tumekuja kumchukua mkwe wetu," Mama Pacha akasema.

"Mkwe gani?"

"Amemaliza kazi. Hatutaki arudi nyumbani peke yake, siku hizi watu wanasafiri bila kuaga."

"Ana mahojiano."

"Tutangoja. Tumekaa."

Ofisa akapiga simu. Akaongea amegeuka ukutani, akakata, akapiga nyingine. Msusi alimsikia akiuliza mara kwa mara, "Kwa hiyo niandike amri ni ya nani, mkuu?" na kila mara upande wa pili ukikata. Kivuli cha ukuta kilirefuka kikavuka barabara. Askari kijana aliyelinda geti akapewa maji na bibi mmoja aliyekuwa ameketi karibu na buti lake. Akasita, akanywa, akasema asante.

Hatimaye geti likafunguka. Sauti akatoka kwa miguu, shati limechanika bega, shavu limevimba. Hakuwa peke yake. Fundi mitambo alikuwa kulia kwake, wafagiaji na wahariri nyuma. Huyo fundi ndiye aliyetakiwa kukata matangazo tangu neno la kwanza. Alipoulizwa kwa nini alichelewa, alisema mkono ulimfa ganzi.

Msusi akasimama. Alikuwa na maneno mengi njia nzima.

"Nilikwambia usome," akasema.

"Nilisikia."

"Husikii kitu wewe." Akamshika mkono, akaukaza kama anavyokaza nywele. "Tembea katikati. Usitoke katikati."

Wakarudi hivyo, mtaa mzima umewazunguka, na gari jeupe likiwafuata nyuma polepole, taa zimewashwa ilhali jua bado lipo. Lilipofika kwenye kona likasimama. Halikuzima injini. Kila mtu alijua litakuwepo kesho, na keshokutwa, na kwamba zamu za kulala nyumba atakayolala Sauti na za kusindikizana zianze kupangwa sasa hivi. Wanawake walikuwa wameshaanza kuzipanga, wakitembea.

Mama hakwenda kituoni. Alibaki barazani, amesimama mlangoni, mkono umeshika mwimo. Msusi akamwachia Sauti mkono, kwa maana hapo hakuweza kumsaidia.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Alimtazama uso, shavu, midomo ile iliyompa mwanawe ndege na nchi ya watu.

"Mwanangu yuko wapi?"

Sauti alikuwa na maneno mazuri elfu ya mahali kama pale. Alikuwa amesomea. Msusi alimwona akiyatafuta, akamwona akiyaacha.

"Sijui, mama."

Mama akafumba macho. Neno likamwingia taratibu, na Msusi akajiandaa kumdaka mama yake asianguke. Mama hakuanguka.

"Nimekwenda polisi, wamesema yupo salama," Mama akasema. "Nimekwenda kwa mkuu wa wilaya, amesema nimshukuru Mungu. Mwenyekiti kasema nivumilie. Wote wanajua. Tangu mwanangu achukuliwe, baba, wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Akautoa mkono kwenye mwimo, akasogea kando, akampisha apite.